Masika yakiisha, bustani ya nyumbani ndiyo kwanza inaanza

WAKATI mvua za masika zinapoelekea ukingoni mwishoni mwa Mei, kaya nyingi za pwani ya Tanzania na mikoa ya kaskazini huzipa kisogo bustani zao. Jembe hurudishwa stoo, mchicha uliokomaa huachwa utoe mbegu, magugu hufunika matuta, na akina mama hurejea gengeni kununua fungu la mboga kila jioni.

Desturi hiyo huonekana kuwa ya busara, kwa kuwa mvua ndiyo iliyokuwa ikimwagilia bila malipo. Hata hivyo, kwa bustani ya nyumbani yenye ukubwa wa chumba kimoja au viwili, mwisho wa masika si mwisho wa msimu. Ni mwanzo wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, miezi ambayo mboga nyingi hustawi kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka.

Kinachoamua matokeo ni kazi inayofanyika katika wiki chache baada ya mvua kubwa kukatika. Katika kipindi hicho udongo ungali na maji mengi chini. Ukirutubishwa na kufunikwa mapema, akiba hiyo hubaki kwa manufaa ya mimea. Ukiachwa wazi, jua na upepo wa kusi huinyonya, na anayekumbuka bustani mwezi Agosti hukuta ardhi ngumu kama tofali.

Uzito wa jambo hili hauko katika bustani peke yake. Mboga zinazojiotea wakati wa mvua, kama mlenda na mchicha pori, pamoja na majani ya kunde na ya maboga yanayotoka shambani, hutoweka mvua zinapokwisha. Baada ya hapo kaya hutegemea mambo mawili tu: maji ya kumwagilia au fedha ya kununulia. Isiyo na kimojawapo hula ugali kwa kitoweo chembamba, na wanaoumia kwanza ni watoto wadogo na wajawazito, ambao miili yao huhitaji zaidi madini ya chuma na vitamini A.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa familia ya watu watano hiyo ni kilo mbili kila siku. Bustani ndogo haiwezi kutosheleza kiasi hicho chote, lakini inaweza kuhakikisha kwamba hakuna siku sufuria ya mboga inakosa majani mabichi.

Kwa nini kipupwe

Jijini Dar es Salaam, Aprili hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua, ilhali Julai hupata chini ya milimita 50. Joto nalo hupungua. Mchana wa Februari hufikia nyuzi joto 32 au zaidi, lakini usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 19.

Ubaridi huo una faida tatu. Kwanza, mboga za majani zenye asili ya maeneo ya baridi, kama sukuma wiki, chainizi, kabichi na figili, hukua bila kuharakisha kutoa maua. Pili, maji hayapotei kwa kasi kama wakati wa kiangazi cha Januari na Februari. Tatu, magonjwa ya ukungu yanayoenezwa na majani kulowa mfululizo hupungua.

Masika yana madhara yake pia. Mvua kubwa hupiga miche michanga ikalala, husomba mbegu ndogo, na huzamisha virutubisho chini ya kina cha mizizi. Ndiyo maana bustani iliyotoka kwenye masika huwa na udongo uliochoka, hata kama juu yake kuna majani ya kijani kibichi. Kupanda tena bila kuurutubisha ni kuvuna mboga za manjano.

Ni vyema kukumbuka kwamba kalenda hii si ya nchi nzima. Mikoa ya pwani ya kaskazini, Visiwani, kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Viktoria hupata misimu miwili ya mvua, ya masika na ya vuli. Dodoma, Singida, Tabora, Nyanda za Juu Kusini, Lindi na Mtwara hupata msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwao kiangazi huanza mapema na huwa kirefu zaidi, kwa hiyo matayarisho yanayoelezwa hapa hupaswa kufanyika Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa kila msimu, na ni jambo la busara kuusikiliza kabla ya kusia mbegu.

Tuta nalo libadilike

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuendelea na matuta yaliyoinuliwa. Wakati wa masika matuta hayo ni sahihi, kwa kuwa huondoa maji yaliyozidi. Mvua zikikatika, sifa hiyohiyo hugeuka kuwa dosari: tuta lililoinuka hupigwa na upepo pande zote, na maji yanayomwagwa juu huteremka kwenye njia badala ya kuzama.

Kwa kipupwe linafaa tuta la kuzama. Eneo la upana wa mita moja huchimbwa, udongo wa juu ukawekwa kando, mpaka lifike sentimeta 15 hadi 20 chini ya usawa wa njia. Upana wa mita moja humwezesha mtu kufikia katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga ndani. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza vizuri, takriban debe moja la lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, kisha hurudishwa bila kujaza tuta hadi juu. Kingo zinazobaki huzuia maji yasitoke na hukinga miche michanga dhidi ya upepo.

Samadi mbichi, hususan ya kuku, haifai. Huunguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya magonjwa ya tumbo. Irundikwe, ilowanishwe na kugeuzwa kwa miezi miwili au mitatu mpaka isiwe na joto wala harufu kali. Asiye na mifugo anaweza kutengeneza mboji kwa majani makavu, magugu yasiyo na mbegu, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Magugu mengi yaliyoachwa na masika ndiyo malighafi ya kazi hiyo, na kuyachoma moto ni kuchoma mbolea.

Baada ya miche kushika, udongo ufunikwe kwa matandazo: nyasi kavu, majani ya migomba au pumba za mpunga, kwa unene wa sentimeta tano hivi. Matandazo huzuia jua lisipige udongo moja kwa moja, hupunguza magugu, na baadaye huoza yakawa mbolea. Yasigusane na shina la mche, kwa kuwa hapo ndipo sota hujificha mchana na kutoka usiku kukata miche. Mahali penye mchwa wengi, matandazo yawe membamba na yakaguliwe mara kwa mara.

Hesabu ya maji

Wengi huacha bustani kwa hofu ya maji, bila kuwahi kupiga hesabu. Lita moja ikimwagwa sawasawa kwenye mita moja ya mraba, ni sawa na mvua ya milimita moja. Katika kipupwe cha pwani, tuta lenye mboga zilizokomaa hupoteza takriban milimita nne kwa siku. Maana yake ni kwamba bustani ya mita 10 za mraba huhitaji kama lita 40, yaani ndoo mbili kubwa za lita 20 kwa siku. Matandazo yakiwekwa vizuri, kiasi hicho hupungua.

Ndoo mbili si jambo dogo kwa anayenunua maji kwa madumu. Hata hivyo, sehemu yake hupatikana ndani ya nyumba. Maji yaliyooshea mchele, mboga na matunda yanaweza kwenda bustanini moja kwa moja. Yenye sabuni nyingi ya unga hayafai kwa mboga, kwa sababu chumvi zake hujikusanya na kuugandisha udongo, na maji ya choo hayafai kabisa.

Namna ya kumwagilia ni muhimu kama kiasi chake. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema, maji yakielekezwa kwenye shina badala ya majani. Miche michanga huhitaji maji kidogo kila siku. Mimea iliyokomaa hunufaika zaidi ikipata mengi kwa mara moja na kupumzika siku moja, kwa kuwa mizizi hulazimika kuyafuata chini. Kipimo rahisi ni kidole: kikizamishwa sentimeta tano na kukuta unyevu, maji hayahitajiki siku hiyo.

Pipa la kuhifadhia maji lazima lifunikwe. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeeneza ugonjwa huo huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye mapipa, makopo na matairi ya karibu na nyumba. Bustani isiyotunzwa vizuri inaweza kuleta mboga mezani na homa kitandani.

Nini kipandwe, na lini

Siri ya bustani ya nyumbani ni kutopanda kila kitu siku moja. Anayemwaga pakiti nzima ya mbegu za mchicha mwanzoni mwa Juni hula mchicha mpaka aukinai katika wiki ya nne, kisha hukaa bila kitu.

Utaratibu unaofaa ni kugawa tuta sehemu nne na kusia sehemu moja kila wiki. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne. Hivyo, sehemu ya nne inaposiwa, ya kwanza inakaribia kuvunwa, na baada ya hapo kila wiki huwa na mavuno yake na kusia kwake. Mchicha ukikatwa juu kidogo ya ardhi badala ya kung'olewa, huchipua na kuvunwa tena.

Sukuma wiki huanzia kitaluni kwa takriban wiki nne. Mbegu zikisiwa mwanzoni mwa Mei mahali palipokingwa na mvua, miche huwa tayari kuhamishwa masika yanapokatika. Ikichumwa majani ya chini tu na kuachiwa kichwa, huendelea kutoa majani kwa miezi kadhaa. Nyanya chungu, bamia na bilinganya huchukua muda mrefu kuanza, lakini hulipa uvumilivu huo kwa kuzaa kwa muda mrefu.

Karoti husiwa moja kwa moja katika tuta lililolainishwa, kwani haipendi kuhamishwa, na huchukua takriban miezi mitatu. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina na hustahimili ukame kuliko mboga nyingi mizizi yake ikishazama. Kwa kaya yenye maji haba, matembele, kisamvu na mnafu ni ngao bora kuliko kabichi.

Kwa nyanya, mbegu za Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru mkoani Arusha katika miaka ya 1990, zimezoeleka kwa wakulima wadogo. Mbegu zake zinaweza kutunzwa kutoka kwenye matunda bora. Mbegu chotara ni tofauti: zikitunzwa, kizazi kinachofuata hakifanani na mzazi, kwa hiyo hununuliwa upya kila msimu. Katika ununuzi, pakiti iwe na lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI) na tarehe ambayo haijapita.

Adui hubadilika

Ukungu unapopungua, wadudu huchukua nafasi yake. Vidukari hujazana chini ya majani ya sukuma wiki, nondo mgongo almasi hutoboa kabichi, na utitiri mwekundu husuka utando kwenye nyanya na bilinganya, hasa pale mimea inapokosa maji.

Kwa bustani ndogo, dawa ya kwanza ni macho na vidole. Kugeuza majani kila asubuhi na kuponda mayai na viwavi hutosha mara nyingi. Vidukari hupungua kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, na majani au mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha hufukuza wadudu wengi.

Nyanya zina adui wa peke yake. Mdudu aitwaye kitaalamu Tuta absoluta, ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze, aliingia nchini mwaka 2014 akitokea kaskazini na kuenea kwa kasi. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa nyingi hazimfikii. Majani na matunda yaliyoshambuliwa yasitupwe kwenye mboji. Yafungwe katika mfuko wa plastiki na kuachwa juani mpaka viwavi wafe.

Njia nyingine ni kubadilisha mazao. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, mnafu na viazi mviringo ni ndugu wa ukoo mmoja, na hushirikiana maradhi. Kabichi, sukuma wiki, chainizi na figili ni ukoo mwingine. Mahali palipotoka ukoo mmoja paingie mwingine, au kunde, ambazo huongeza naitrojeni ardhini.

Iwapo kiuatilifu cha dukani hakiepukiki, lebo yake isomwe. Kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna iheshimiwe. Kupiga dawa jioni na kuchuma asubuhi ni kuwapikia watoto sumu.

Ambako kuna sakitu

Katika Nyanda za Juu Kusini, hususan Njombe, Makete na Mufindi, kipupwe kina sura nyingine. Usiku wa Juni na Julai, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu na upepo ukiwa umetulia, joto la ardhi huweza kushuka hadi maji yakaganda juu ya majani. Hiyo ndiyo sakitu, na asubuhi maharage, nyanya na viazi hukutwa vimeungua kana kwamba vimepitiwa na moto.

Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji kuelekea mabondeni, kwa hiyo bustani ya mteremkoni husalimika mara nyingi kuliko ya bondeni. Udongo uliomwagiliwa mchana huhifadhi joto zaidi usiku kuliko mkavu. Miche ikifunikwa jioni kwa nyasi au magunia na kufunuliwa jua likichomoza, mingi huokoka. La msingi zaidi ni kuchagua mazao: kabichi, sukuma wiki, karoti na njegere hustahimili baridi, wakati nyanya na maharage husubiri joto lirudi.

Wasio na kiwanja

Kukosa ardhi si kizuizi kamili. Gunia lililojazwa udongo na mboji, lenye nguzo ya mawe madogo katikati ya kupitishia maji, hubeba miche 30 au zaidi ubavuni na juu yake. Ndoo zilizopasuka na matairi yaliyojazwa udongo hufanya kazi hiyohiyo, mradi maji yaliyozidi yapate pa kutokea.

La kuangalia kwa makini ni chanzo cha udongo na maji. Tafiti zilizofanyika kwa nyakati mbalimbali katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam zilikuta metali nzito, ikiwamo risasi, katika mboga zilizolimwa huko. Kuosha majani hakuondoi kilichokwishaingia kupitia mizizi. Faida kubwa ya bustani ya nyumbani ni kwamba mlaji anajua mboga yake ilikunywa maji gani, na faida hiyo hupotea iwapo maji yanachotwa mtaroni.

Kutoka tutani hadi sufuriani

Vitamini C huanza kupotea jani linapochumwa, na hupotea zaidi katika joto na maji mengi. Mboga ichumwe karibu na wakati wa kupika, ioshwe kabla ya kukatwa, na ipikwe kwa muda mfupi. Mafuta kidogo husaidia mwili kupokea vitamini A, na limau au ndimu inayokamuliwa mezani husaidia kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Kisamvu hakihusiki na ushauri wa kupika haraka: ni lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri ili sumu yake ya asili iondoke.

Mavuno yakizidi, majani ya kunde na mchicha hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha hukaushwa kivulini chini ya kitambaa chepesi. Jua kali huharibu vitamini A. Yakihifadhiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, huvusha kaya hadi vuli.

Mvua za vuli huanza Oktoba katika maeneo mengi ya misimu miwili, na wakati huo tuta la kuzama hufukiwa na lililoinuliwa hurudi. Kati ya masika na vuli kuna takriban miezi minne. Kwa aliyefunika udongo wake Juni, hiyo ni miezi ya mavuno. Kwa aliyeuacha wazi, ni miezi minne ya kuhesabu shilingi gengeni.